Paa moja, milango miwili

Nyumba yetu ni nusu. Nusu ya pili ni ya bibi mmoja, Mwingereza wa hapahapa Devon, na kati yetu kuna kiambaza ambacho ukikigonga kinalia kama debe. Juu yetu sote kuna paa moja refu la mabua ya ngano, na dohani mbili. Ilijengwa iwe nyumba ya mkulima mmoja, baadaye ikakatwa vipande viwili. Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Uingereza, ambao siku moja wanaweza kuona tangazo la nyumba ya namna hii, wakakuta bei imepungua kidogo kuliko za jirani, wakaipenda. Ipendeni, sikatazi. Ila mjue kwanza ilikatwa lini, na nani, na kwa karatasi gani. Sisi tulidhani historia ya nyumba ni hadithi za kuwasimulia wageni wakati wa chai. Kumbe ndiyo inayoamua nani atalipa paa likivuja.

Tulikuwa tumepanga Exeter, mimi nikiwa muuguzi, mume wangu dereva wa basi. Watoto wakakua, ghorofa likawa dogo, tukaanza kutazama vijiji vya upande wa Crediton. Nyumba tuliyoiona ilikuwa imetangazwa kuwa ya "mwaka 1580", tarehe ambayo dalali aliitamka kwa uhakika kana kwamba alikuwepo wakiweka msingi. Mume wangu aliinama kuingia mlangoni, akanyoosha kichwa ndani, akagonga boriti. Akasema, "Mama, hapa patanitia adabu." Lakini alikuwa anacheka, nikajua tumekwisha.

Nilipompigia mama Pangani kumwonyesha picha, akauliza, "Mwanangu, nyumba ya makuti si uliiacha hapa? Umevuka bahari kuifuata?" Nikamweleza kwamba huku paa la nyasi ni la watu wenye nafasi, maana lina gharama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bati huku ni shilingi ngapi.

Swali la mama lilikuwa na akili kuliko nilivyolipokea. Paa la bati huwezi kulazimishwa kulitunza kwa namna fulani tu. Nyumba yetu imo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, daraja la pili, kama ilivyo zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyomo kwenye orodha hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1990, kubadilisha jengo kama hilo bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Na kuna jambo dalali hatakuambia: mzigo wa kurekebisha alichofanya mwenye nyumba wa zamani bila kibali unahama na nyumba. Kama yeye alitoboa dirisha bila kibali, halmashauri inaweza kukuamuru wewe ulizibe, hata miaka mingi ikiwa imepita. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwambie wakili alinganishe jengo lilivyo leo na vibali vilivyomo halmashauri. Kuomba kibali chenyewe hakuna ada. Gharama ni michoro na subira.

Sasa niseme nyumba yenyewe ilivyo, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Kuta ni udongo wa chini ya ardhi uliochanganywa na mabua, ukakanyagwa kwa miguu ya watu na ng'ombe, ukapandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiachwa likauke. Mahali pengine unene unakaribia mita moja. Chini kuna msingi wa mawe. Wazee wa Devon wana msemo kwamba nyumba ya udongo ikipata viatu vizuri na kofia nzuri itadumu daima, viatu vikiwa ni msingi na kofia ni paa. Ndani, mpango wa asili ni vyumba vitatu kwenye mstari mmoja: ukumbi katikati, chumba cha ndani upande mmoja, chumba cha kazi za nyumbani upande wa pili, na ujia unaokatiza kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Nyumba nyingi za wakulima za kusini-magharibi mwa Uingereza ziko hivyo. Sisi tulipata ukumbi na chumba cha ndani. Bibi jirani ana ujia, chumba cha kazi ambacho sasa ni jiko lake, na nyongeza iliyojengwa nyuma.

Hayo ni ya chini. Juu mambo yakawa mengine.

Tulilipia ukaguzi wa kina kabisa, ule wa ngazi ya tatu, uliotugharimu karibu pauni 1,200, na hakuna fedha tuliyoitumia vizuri kuliko hiyo. Mkaguzi alikuwa mzee aliyezoea nyumba za udongo. Alipima vyumba vya chini, akapanda, akapima vya juu, akashuka tena akapima upya. Kisha akatuambia: upande wenu, juu ni pana kuliko chini. Chumba cha pili cha kulala kilikuwa kimevuka kiambaza, kikakaa juu ya ujia wa bibi na kipande cha jiko lake. Yaani sakafu yetu ni dari yake, na chini ya sakafu hiyo hatumiliki hata inchi moja ya ardhi.

Kwenye ramani ya hati, ile yenye mstari mwekundu, hili halikuonekana kabisa. Mstari ule unaonyesha mpaka kwa ujumla tu, haupimi kwa futi, wala hauonyeshi ghorofa ya juu. Benki ya kwanza iliposoma ripoti ya mkaguzi, ikajitoa. Ya pili ikakubali kwa sharti la bima maalumu ya kasoro ya hati na barua ya wakili. Nyumba ambayo tulidhani tutahamia kabla ya baridi, tulihamia majani ya masika yakiwa yametoka. Mume wangu alisema mara kadhaa tuiache. Kusema kweli nami nilikuwa nalala vibaya, kwa sababu tulikuwa tumeshalipa mkaguzi na wakili fedha ambazo hazirudi.

Wakili wetu, kijana makini, ndiye aliyetufumbua macho juu ya sheria. Akatuhadithia kesi ya Rhone dhidi ya Stephens, iliyoamuliwa mwaka 1994 na Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo. Nyumba moja ya Somerset, jirani na kaunti yetu, iligawanywa mwaka 1960 ikawa nyumba kubwa na nyumba ndogo. Sehemu ya paa la nyumba kubwa ilifunika chumba cha nyumba ndogo, kwa hiyo mwenye nyumba kubwa aliahidi kwenye hati kwamba yeye na watakaomfuata watalitunza paa hilo lisivuje. Nyumba zikauzwa, wakaja wenye wapya, paa likavuja. Mahakama ikasema ahadi ya kutenda jambo, kama vile kukarabati au kutoa fedha, haimfungi mnunuzi anayefuata wa nyumba ya umiliki kamili (freehold). Ahadi ya kutofanya jambo inaweza kumfunga. Ya kufanya, hapana. Mwenye nyumba ndogo akabaki na maji yake.

Nilipoisikia hiyo nikamuuliza wakili, "Sasa hapa kwetu nani aliahidi nini?" Akanijibu kwamba kwenye hati zilizosajiliwa hakuna kitu. Usajili wa ardhi ulikuja kuwa wa lazima Uingereza na Wales yote mwezi wa Desemba 1990 tu, na nyumba nyingi zilipoingizwa kwenye daftari watu wakaona karatasi za zamani hazina kazi tena. Nyingine zilitupwa, nyingine zikawekwa fremu zikatundikwa ukutani baani.

Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta historia, mimi ambaye shuleni somo hilo lilikuwa la kusinzia.

Anza na jirani. Hilo ningelifanya mapema kuliko yote. Niliogopa kumgongea mlango mzee wa watu kabla hata hatujahamia, na nilipogonga hatimaye, akafurahi. Ni mama wa miaka themanini na kitu, aliniambia nimwite kwa jina lake, nami hadi leo nashindwa. Namwita kwa jina nikiwa nimeinamisha kichwa, kama vile nimemwamkia shikamoo kimoyomoyo. Kwenye kabati lake alikuwa na kopo la biskuti lenye hati ya miaka ya 1950, ya wakati nusu yake ilipouzwa peke yake kwa mara ya kwanza. Ndani yake kuna ahadi: kila upande utunze paa lake, na kila mmoja amruhusu mwenzake kuingia uani kuweka ngazi. Ahadi nzuri sana. Ila tangu hapo nusu zote mbili zilikuwa zimeuzwa na kuuzwa tena, na kwa mujibu wa ile kesi ya 1994, sehemu ya kutunza ilikuwa imeshakufa. Kuhusu chumba chetu kilichomkalia jikoni, hati ilikuwa kimya kabisa.

Kwa nini kimya? Swali hilo lilinipeleka makavazi ya Devon, kule Exeter, siku zangu za mapumziko.

Ramani ya kwanza kuiomba ni ile ya zaka. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na ili kugawa malipo ikabidi kila kipande cha parokia kichorwe na kupewa namba, na kitabu chake kiandike mwenye ardhi, anayeitumia, na ukubwa. Kwetu, miaka ya 1840, kuna jengo moja refu, limeandikwa nyumba, ua na bustani, chini ya mpangaji mmoja mwenye ekari kama sitini. Mwenye ardhi ni bwana aliyekuwa na mashamba mengi ya eneo lile. Kwa hiyo wakati huo ilikuwa nyumba moja.

Baada ya hapo ni sensa, zinazopatikana kila miaka kumi kuanzia 1841. Wengi huzitumia kutafuta mababu, lakini zinasaidia mno kwa nyumba iliyogawanywa, kutokana na jambo dogo ambalo mzee mmoja wa makavazi alinionyesha kwa kidole. Karani wa sensa alikuwa anaweka alama pembeni ya majina: mstari mmoja ulioinama akimaliza familia, na miwili akimaliza jengo. Basi nikafuata mistari. Mwaka 1861, mkulima, mke, watoto, na watumishi wawili wanaolala humohumo. Mwaka 1871 hakuna mkulima. Kuna familia mbili za vibarua wa shamba, na kati yao mstari mmoja. Familia mbili, jengo moja. Mwaka 1881 kati yao kuna mistari miwili. Makarani hawakuwa makini sikuzote, kwa hiyo usijenge hoja juu ya mstari wa mwaka mmoja, lakini hapa sensa zilizofuata zote zilikubaliana. Kiambaza chetu kililetwa katika miaka hiyo.

Sababu si siri, ni ya Uingereza nzima. Wenye ardhi waliunganisha mashamba madogo kuwa makubwa, ekari zetu sitini zikaongezwa kwa mkulima wa jirani, nyumba ikabaki haina shamba. Nyumba kubwa ya udongo isiyo na mkulima haina faida kwa bwana, lakini ukiichana katikati na kutoboa mlango wa pili, unapata makazi ya vibarua wawili na kodi mbili.

Sasa kile chumba. Sensa ya 1891 iliongeza swali: kama familia inatumia vyumba pungufu ya vitano, andika ni vingapi. Upande wetu, watu wanane, vyumba vitatu. Upande wa pili, mjane na mpangaji wake mmoja, vyumba vitatu pia. Nilikaa pale nikiwahesabu wale wanane. Baba, mama, na watoto sita wa kuanzia miaka kumi na minne kushuka, katika nafasi ambayo sisi wanne tunalalamika kwamba inabana. Mwaka 1901, upande wetu vimekuwa vinne na upande wa pili viwili. Nadhani ndivyo chumba kilivyovuka: bwana mmoja alimiliki pande zote mbili, familia moja ikazidi kuwa kubwa, akamega chumba cha juu kwa huyu akampa yule, akabomoa kipande cha ukuta huku na kuziba mlango kule. Nyumba ikiwa ya mtu mmoja, hilo halihitaji karatasi. Tathmini ya ardhi iliyofanywa chini ya sheria ya fedha ya 1910, ambayo vitabu vyake viko Makavazi ya Taifa kule Kew, inaonyesha bado ni mwenye mmoja na kodi mbili. Nyumba ilikatwa kwa ukuta miaka ya 1870 na kukatwa kwa hati miaka ya 1950. Kati ya misumeno hiyo miwili ndipo chumba chetu kilipopotelea.

Wakili alipopata maelezo haya, hakuyatia kwenye fremu. Aliyatumia. Kuonyesha kwamba chumba kimetumiwa na upande wetu mfululizo kwa zaidi ya miaka mia moja kuliipa benki ya pili na kampuni ya bima sababu ya kutulia.

Niongeze hapa kwa wanaotaka kufuata njia hiyo: sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, hivyo daftari la wakazi la Septemba 1939 ndilo linaloziba pengo. Na umri wa watu wazima kwenye ya 1841 ulishushwa kwenye tano iliyo karibu, usishangae mtu kuwa na miaka 35 kisha 49 baada ya miaka kumi.

Turudi kwenye paa. Mkaguzi alisema upande wetu umechakaa, una miaka michache. Mvua za majira ya baridi ya kwanza zikatuambia ni michache kweli. Wezekaji wazuri wana foleni, wa kwetu alitupa zamu ya mwaka uliofuata, na mabua yenyewe ni shida: ngano ya siku hizi ni fupi na mashine za kuvuna zinaivunjavunja, kwa hiyo wapo wakulima wanaolima mbegu ndefu za zamani, kama Maris Widgeon, mahususi kwa kuezekea, wakivuna kwa mashine za zamani zinazofunga matita. Mvua ikiharibu msimu, mabua yanaadimika na bei inapanda. Matete ya majini hudumu zaidi, lakini halmashauri ilitaka tubaki na ngano kwa sababu ndiyo desturi ya Devon. Upande wetu tu ulitugharimu zaidi ya pauni 24,000, ikiwa ni pamoja na majukwaa na VAT ya asilimia 20. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na tulikula maharage mwaka ule hadi watoto wakatunga wimbo.

Kabla ya kazi yenyewe kuna popo. Usicheke. Popo wote wanalindwa na sheria, na ukigundulika umewavuruga bila kibali ni mashtaka. Mtaalamu wa kuwakagua huja nyakati za joto, takriban Mei hadi Septemba, kwa hiyo ukimwita Oktoba umepoteza mwaka. Kwetu walikuwepo wachache upande wa bibi, na kazi ikapangwa kuwakwepa.

Fundi alipoondoa tabaka za juu, aliniita nipande. Devon hawavui paa lote. Wanaondoa lililooza na kuweka jipya juu ya la zamani, likishikwa kwa fito zilizopasuliwa na kupindwa. Ndiyo maana chini kabisa, juu ya makombamoyo, unaweza kukuta mabua ya mara ya kwanza. Yetu yalikuwa meusi tii. Masizi. Fundi akanieleza kwamba nyumba za zama za kati hazikuwa na dohani wala ghorofa; moto uliwaka katikati ya ukumbi, moshi ukapanda na kutafuta njia kwenye nyasi. Dohani na sakafu za juu ziliingizwa baadaye, nyingi katika karne ya 16 na ya 17. Devon ina mapaa kadhaa yenye mabua ya aina hiyo, mengine ya miaka mia sita, na wataalamu wa mimea wameyachambua wakapata ngano na shayiri nyekundu (rye) za mkulima wa enzi hizo, pamoja na magugu yake.

Basi 1580 ya dalali ikaanguka pale pale, ila kwa kurudi nyuma. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba masizi hayakuishia kwenye kiambaza. Yaliendelea hadi upande wa bibi, makombamoyo yote meusi. Moto mmoja uliwahi kuwapasha joto watu wa pande zote mbili. Ofisa wa majengo ya kale wa halmashauri alikuja, akapiga picha, akatuandikia kwamba tabaka hilo lisiguswe. Halikuguswa.

Kulikuwa na jambo jingine kule juu ambalo halikupendeza. Kiambaza kiliishia kwenye dari. Juu yake, darini, palikuwa wazi kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine. Moto ukianza kwa bibi, dakika chache uko kwetu, na kinyume chake. Kampuni ya bima ambayo ilikuwa ikitutoza zaidi ya mara mbili ya tuliyolipa Exeter iliuliza maswali ya kila namna kuhusu jiko la kuni, lakini hili haikuliuliza. Kwa hiyo jipandie mwenyewe na tochi. Tulipata kibali, tukajenga kizuizi cha moto darini bila kuyagusa yale mabua meusi, tukagawana gharama. Dohani zinafagiliwa mara mbili kwa mwaka, kwetu na kwa bibi, siku moja, fundi mmoja. Tunachoma kuni zilizokauka tu, kwa sababu jiko la kuni huweza kurusha cheche juu ya paa. London ilipiga marufuku kuezeka kwa nyasi tangu mwaka 1212 kwa sababu ya moto, nasi sisi hatujioni werevu kuliko watu wa London.

Kasoro niliyoikasirikia kuliko zote ilikuwa ya ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba fulani wa zamani aliupiga lipu ya saruji, nadhani kwa nia njema. Ukuta wa udongo unahitaji kupumua. Maji yakiingia kwenye ufa wa saruji hayapati pa kutokea, udongo unalowa ndani kwa ndani, na ukuta wa namna hiyo unaweza kuporomoka wote siku moja. Kwetu, chini ya lipu, udongo ulikuwa laini kiasi cha kuuchota kwa kijiko. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili mara mbili, kwani Unguja na Lamu nyumba za mawe na chokaa zimeumizwa na saruji hivyohivyo. Tulibandua saruji pole pole, tukauacha ukuta ukauke majira yote ya joto, fundi akaujaza kwa udongo na mabua, kisha chokaa. Chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kina simu ya ushauri wa kiufundi. Tulipiga, tukasaidiwa bure.

Makosa ya mpangilio yalikuwepo pia. Tuliezeka upande wetu bila kumsubiri bibi, ambaye wakati ule hakuwa na fedha. Matokeo yake paa letu lipo juu kuliko lake, kuna kidato kama cha ngazi pale yanapokutana, na kiungo hicho ndicho kitakachoanza kuvuja. Fundi alitueleza, nasi tukashindwa kufanya vingine. Ila kama mnaweza kupanga na jirani, ezekeni pamoja: jukwaa moja, kibali kimoja, mkaguzi wa popo mmoja.

Kilichobaki ni karatasi. Tulikaa mezani kwa bibi, yeye na mwanawe, sisi na wakili, na wakili wa upande wao, tukaandika hati mpya. Inasema chumba cha juu ni chetu na sakafu yake tutaitunza sisi. Yeye anatunza kuta zinazokibeba. Kila upande una haki ya kuingia kwa mwenzake kwa matengenezo. Mgongo wa paa na kizuizi cha moto ni gharama ya nusu kwa nusu. Na ili isife kama ile ya miaka ya 1950, wakili aliweka zuio kwenye daftari la ardhi: hakuna upande unaoweza kusajiliwa kwa mnunuzi mpya mpaka mnunuzi huyo asaini ahadi hizo upya. Ilitugharimu chini ya pauni 2,000 kwa pande zote. Mwanawe alisita mwanzoni, akidhani tunamfunga mama yake. Bibi akamwambia kwamba amekaa chini ya chumba cha watu miaka arobaini bila kujua nani ataokota dari ikidondoka, na sasa anataka kujua.

Mgongo wa paa haudumu kama paa lenyewe. Unabadilishwa kila baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano, na wa kwetu sote wawili umeanza kulegea upande wa dohani yake. Tumefungua akaunti ya pamoja, kila upande unaweka pauni 50 kwa mwezi. Fundi tumeshamwandikia ili tuingie kwenye foleni, na mkaguzi wa popo amekubali kuja Mei.